Sanduku la Alhamisi

Ijumaa, 6 Mei 2016

Daftari nimelinunua kwa Mmalabari mwenye duka chini ya jengo letu hapa Muraqqabat, Dubai. Jalada jekundu, gumu, hata arbab wangu, tajiri wa kazini, hana la namna hii. Nimelinunua kwa amri ya wakili. Wakili Khairunisa yuko Mombasa, umri wake ni wa binti yangu, lakini ukimsikia kwenye simu utadhani ameshawazika majaji wawili na yuko njiani kumzika wa tatu. Juzi aliniambia, "Mjomba Sulaiti, andika kila siku ulichofanya na ulichokumbuka. Kama kilivyokuwa. Usitie nakshi."

Nikamwambia sihitaji kufunzwa kuandika, shule niliiacha darasa la sita kwa kuwa walimu waliishiwa.

"Basi anza na hilo," akasema. "Liandike kama lilivyokuwa."

Haya. Niliacha darasa la sita kwa sababu baba alifariki, nikaenda kubeba magunia Marikiti.

Kesi yenyewe ni ya mpwa wangu Wahid, mtoto wa dada yangu Mahfudha. Alhamisi ya tarehe 17 Novemba 2011, saa kumi na nusu alasiri, watu wawili wenye mapanga waliingia duka la simu Likoni, wakapora, wakamkata mwenye duka mkono. Miezi mitatu baadaye mwenye duka akamwona Wahid pale feri, akasema ni huyu. Wizi wa mabavu. Wahid akaiambia mahakama kwamba Alhamisi ile alikuwa na mjomba wake. Mahfudha akapanda kizimbani kumtetea mwanawe, na kiongozi wa mashtaka akamuuliza swali moja: ndugu yako alifika lini kutoka Dubai? Akajibu kwa ukweli wake wote: Jumamosi, tarehe 19, tulimpokea wenyewe uwanjani, gari mbili.

Wahid akahukumiwa kunyongwa. Kenya hainyongi mtu siku hizi, lakini hukumu ni hukumu, na kijana aliingia ana miaka ishirini na mbili. Rufaa zikaanguka. Katiba mpya inamruhusu aliyefungwa kuomba kesi isikilizwe upya akipata ushahidi mpya na wenye uzito. Mwaka jana tuliomba Mahakama Kuu, ikakataa. Sasa Mahakama ya Rufani itatazama kama Mahakama Kuu ilikosea. Baada ya hapo milango ni michache.

Ushahidi mpya ni mimi.

Jumapili, 8 Mei

Joto limeanza. Nimemwona njiwa ametua juu ya gari jeusi akaruka akaacha kucha zake. Kucha sikuziona. Njiwa nilimwona.

Jumanne, 10 Mei

Kazi ni Qusais, kwenye ghala la vichujio vya viyoyozi. Napokea makasha, nayapanga, nayatoa. Nyumbani wanajua mimi ni meneja katika mnara wa Jumeirah Lake Towers, ghorofa ya thelathini na moja. Picha wanazo. Zinatoka kwa Gerishom, Mluhya ninayekaa naye chumba kimoja, askari wa mlangoni mnara huohuo. Ijumaa moja moja huniruhusu nisimame ukumbini karibu na maua, nimevaa koti lake la sherehe.

Leo nimemwambia natakiwa niandike ukweli kila siku.

"Mzee, daftari moja haitatosha," akasema.

"Kwa nini?"

"Si lazima kwanza ufute zile hadithi zingine zote?"

Ijumaa, 13 Mei

Khairunisa amepiga baada ya sala. Ameomba ruhusa ya mahakama kuongeza ushahidi kwenye rufaa: muhuri wa kuingia uliomo katika pasipoti yangu ya zamani, na hati mpya ya kiapo. Ile ya mwaka jana ndiyo iliyotuangusha. Nilikula kiapo kwamba Alhamisi ile mimi na Wahid tulikuwa pamoja tangu adhuhuri mpaka magharibi katika hoteli kubwa ya ufukweni, tukila kamba wa kukaanga, na kwamba mbunge mmoja alikuja mezani kunisalimia. Upande wa mashtaka ukaenda hotelini. Jina langu halimo katika kitabu chao mwaka ule wala mwaka mwingine wowote. Jaji akaandika kwamba shahidi huyu anapenda hadithi kuliko anavyompenda mpwa wake.

"Ulilala wapi, mjomba?"

"Mtwapa. Lojing'i."

"Na Wahid?"

"Alikuwa nami."

"Muda wote?"

Nikasema laini inakatika.

Jumanne, 17 Mei

Leo nimejifungia chooni niandike hili, kwa kuwa chumbani tuko sita.

Oktoba 2011 kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi ilifungwa. Kafeel, mdhamini wetu, akafuta viza zetu, akatukatia tiketi, khalas. Miaka kumi na moja Dubai, na mkononi nina mfuko mmoja wa plastiki, ndani mna kanzu mbili na chaja ya simu. Nyumbani nimeshawaambia nakuja Jumamosi. Kwetu mtu akitoka Dubai hapokewi yeye, linapokewa sanduku. Watu huketi sebuleni duara zima, sanduku katikati, na anayefungua ni mkubwa wa nyumba. Mahfudha mwenyewe alimcheka jirani yetu mwaka mzima kwa kurudi na begi la mgongoni. Alimwita Bwana Mikono Mitupu. Nami nilicheka, tena nilicheka kuliko wote.

Basi nilipanda ndege ya siku mbili kabla. Nikatua Alhamisi asubuhi, nikajificha Mtwapa, nikampigia Wahid. Yeye peke yake, kwa kuwa alikuwa kijana wa siri, tangu mdogo. Akaja saa sita. Nikampa fedha zangu za mwisho na orodha: sanduku kubwa la magurudumu, mashali, marashi, saa, peremende, sabuni zenye maandishi ya Kiarabu. Vyote vinauzwa Mombasa, mtaa wa Biashara na Marikiti. Mimi sikutoka, nilichelea kuonekana. Akaenda baada ya adhuhuri, akarudi magharibi analiburura sanduku, limejaa. Tukakaa mpaka isha tukibandua vibandiko vya maduka kwa maji ya moto. Alikuwa anacheka. Alisema, "Mjomba, hata mimi nimeanza kuamini umetoka Dubai."

Nikamwambia, niapie. Akaapa kwamba hatamwambia mtu.

Jumamosi nikakodi teksi mpaka uwanjani, nikajichanganya ubavuni mwa mlango wa wanaofika, ndege ya Dubai ilipotua nikachomoka nao nikijifuta jasho. Gari mbili zilinipokea. Watoto waliimba.

Januari nikapata viza nyingine, nikarudi huku. Februari wakamkamata. Mahfudha alinipigia: "Wahid anasema Alhamisi alikuwa nawe. Amechanganyikiwa na kipigo, au vipi?" Nami, Mungu anione, nikasema: "Dada, Alhamisi nilikuwa ofisini. Si mlinipokea wenyewe?" Nilidhani kesi itaanguka. Mtu mmoja tu kasema ni huyu, basi itasimamia nini? Ikasimama.

Wahid alipoulizwa mahakamani mlikuwa mkifanya nini na mjomba wako, alinyamaza. Imeandikwa katika kumbukumbu za kesi: mshtakiwa hajibu. Alinyamaza kwa ajili ya sabuni.

Na sasa nina shida ya pili. Ile saa kumi na nusu sikuwa naye. Nilikuwa nimelala Mtwapa, feni ikizunguka. Nikisema kweli yote, nina aibu, na bado kuna tundu. Ndiyo maana nikaweka kamba wa kukaanga hapo kwenye tundu.

Alhamisi, 19 Mei

Khairunisa kapiga mara mbili. Sikushika.

Ijumaa, 20 Mei

Nimeapa mbele ya afisa wa ubalozi mdogo. Hati inasema nilifika Alhamisi, nililala lojing'i Mtwapa, na alasiri nilikuwa na mpwa wangu tukizungumza mambo ya familia. Muhuri wa pasipoti umeambatishwa. Muhuri ni wa kweli. Lojing'i ni ya kweli. Mambo ya familia, nusu.

Sanduku halimo.

Jumanne, 24 Mei

Rufaa imesikilizwa, majaji watatu. Khairunisa alisema wameupokea muhuri, na kwamba jaji mmoja, mwanamke mwenye miwani, aliuliza, "Mtu anafika kwao Alhamisi halafu anajificha siku mbili. Kwa nini?" Khairunisa akamjibu kwamba ni sababu za kifamilia.

"Nilijibu nilichokuwa nacho, mjomba," aliniambia.

Hukumu itatolewa kwa taarifa. Maana yake hakuna anayejua lini.

Jumatatu, 6 Juni

Ramadhani kariim. Kiu.

Jumatano, 15 Juni

Tangu leo ni marufuku kufanya kazi juani saa za mchana. Ghalani hakuna jua, kwa hiyo hatuhesabiki. Nimebeba makasha mia mbili. Mia na arobaini.

Ijumaa, 24 Juni

Tulifuturu chini, uwanjani nyuma ya mkahawa, watu wa Mombasa, wa Unguja, Waganda wawili, na Gerishom ambaye hufunga tumbo tu, dini yake nyingine. Baada ya uji wakaanza, "Mzee Sulaiti, tupe ile ya mwewe wa sheikh." Hiyo ya mwewe huwa naisimulia vizuri. Mwewe wa sheikh alipotea jangwani akaja kutua mkononi mwangu kwa kuwa alinusa heshima.

Sijui nini kilinipata. Labda ni kuwa na tumbo tupu kutwa. Nikasema, leo nitawapa nyingine. Nikawapa ya sanduku. Mtwapa, orodha, vibandiko, maji ya moto, mlango wa wanaofika. Sikuongeza neno. Walicheka mpaka Mganda mmoja akapaliwa. Rukiya, mama wa Kiunguja anayetupikia, alijifuta machozi kwa ukaya wake: "Yakhe, hii imepita ya mwewe. Ati akajichanganya na abiria."

Nikawaambia, wallahi ni kweli.

"Ndiyo raha yako," akasema Rukiya. "Hucheki."

Gerishom peke yake hakucheka. Wakati wa kupanda ngazi aliniuliza, "Huyo kijana wa sanduku ndiye huyo yuko ndani?"

Nikasema ndiye.

Akapanda ghorofa mbili nzima. Kisha: "Na lawyer anajua?"

"Hajui."

"Mzee, umeambia Waganda kabla uambie lawyer."

Jumatano, 6 Julai. Idi

Mahfudha kapiga. Alikuwa ametoka kumwona Wahid gerezani, aliruhusiwa kumpelekea maandazi. "Anakusalimu. Kila nikienda huanza na wewe. Mjomba hajambo? Mjomba ana raha? Nikamwambia mjomba wako ofisi yake iko karibu na mawingu. Akacheka, akasema najua."

Mimi nilimpenda Wahid kwa vile alivyonisikiliza hadithi zangu. Nilidhani anaziamini. Leo nimefahamu kwamba hakuwahi kuamini hata moja, na alizisikiliza vilevile.

Jumanne, 19 Julai

Digrii arobaini na saba. Hiyo sijaiongeza, iliandikwa metro.

Ijumaa, 5 Agosti

Mahakama za Kenya zimefunga, majaji wako likizo. Nilishika simu nimpigie Khairunisa nimweleze. Nikajiambia kesi imeshasikilizwa, kusema sasa ni kumwaga maji baharini. Nikaiweka simu chini. Nimeyafanya haya mara nne mwezi huu. Mara moja ilishaanza kuita.

Jumamosi, 20 Agosti

Unyevu. Hakuna.

Jumatatu, 12 Septemba. Idi ya kuchinja

Hakuna.

Jumatano, 21 Septemba

Taarifa imekuja. Ijumaa, saa tatu asubuhi, saa za Mombasa.

Ijumaa, 23 Septemba

Tumeshindwa.

Wawili dhidi ya mmoja. Nilimwambia Khairunisa anisomee, akasema atanipa kwa Kiswahili, polepole, na nimeyaandika alivyosema.

Wawili walisema hivi. Muhuri ni wa kweli na mjomba alikuwepo nchini Alhamisi. Lakini kuwepo kwa mjomba si kuwepo kwa mpwa. Kinachowaunganisha ni maneno ya mjomba tu, na maneno yake yamebadilika, jana hoteli, leo lojing'i. Hakuna karatasi wala mtu mwingine anayemweka kijana mahali pengine saa kumi na nusu. Tena ushahidi huu haukugunduliwa, ulifichwa. Mjomba aliujua tangu siku ya kwanza, na kitu kilichofichwa na upande wako mwenyewe huwezi kukiita kipya. Mahakama Kuu haikukosea.

Yule wa tatu, mwenye miwani, alikataa kukubaliana nao. Hili nilimwomba Khairunisa alirudie mara tatu. "Nimesoma hati zote mbili za mjomba huyu. Zote zina uongo, lakini katikati ya uongo kuna jambo analolizunguka bila kuligusa. Kuna kitu anachoogopa kukisema kuliko anavyoogopa mpwa wake kufia gerezani. Ningeirudisha kesi chini ili aulizwe ni kitu gani."

Nimekaa ukingoni mwa kitanda. Maisha yangu yote watu wameniambia, Sulaiti, wewe muongo, na nikacheka nao. Huyu mama hajapata kuniona. Hakuniita muongo wa kufurahisha. Aliona niliposimama.

"Mjomba," Khairunisa akasema, "ni nini?"

Nikamwambia. Sanduku, orodha, vibandiko. Ilichukua dakika kumi. Hakunikatiza. Nilipomaliza nilisikia gari zikipita kwao, na muuza kahawa anagonga vikombe vyake.

"Ungeniambia Mei, ningekuwa na maduka ya kuyaendea," akasema. "Mwaka juzi wenye maduka wengine walikuwa bado hai. Haya mjomba. Mama yake anajua?"

"Hajui."

"Basi mwambie wewe. Mimi hilo sitakufanyia."

Jumatatu, 26 Septemba

Sijampigia.

Alhamisi, 29 Septemba

Sijampigia. Gerishom hanisemeshi. Ananipa chumvi mezani bila kuniangalia.

Ijumaa, 30 Septemba

Nimempigia baada ya sala ya Ijumaa. Nilianza kwa kusema, dada, mimi si meneja. Akasema, "Hilo najua, Sulaiti. Picha zote una koti moja." Alitaka kucheka. Nikasema, ngoja.

Nikamwambia yote. Nilipofika kwenye mlango wa wanaofika nilisikia anavuta pumzi. Akaniuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo nilipopanda kizimbani nikasema Jumamosi."

"Ndiyo, dada."

"Nikaapa kwa msahafu."

"Uliapa kwa ulichokijua."

"Nilimfunga mimi." Halafu akasema, "Mwanangu alikuwa ananiangalia, Sulaiti. Siku ile. Niliposema Jumamosi alinitazama halafu akainamisha kichwa. Miaka minne nadhani aliinama kwa kuwa amekosa."

Akakata simu. Nimepiga mara kumi na mbili. Nimehesabu.

Jumapili, 2 Oktoba

Kapiga yeye, alfajiri, sauti imekauka.

Katika lile sanduku kulikuwa na shali moja ya buluu yenye nyuzi za fedha. Nakumbuka. Ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, Wahid aliichagua mwenyewe kwa ajili ya mama yake. Mahfudha hakuifungua hata mara moja. Aliiweka ilivyo, ndani ya nailoni yake, chini ya kitanda, akisubiri kuivaa siku ya harusi ya Wahid. Jana usiku aliitoa aichome moto. Anasema alitaka kuona moshi wake.

Alipoikunjua, ikadondoka karatasi. Mimi na Wahid tulibandua vibandiko vya nje, ndani ya kunjo hatukutazama.

Akanisomea, anasoma herufi kwa herufi kama mtoto wa madrasa. Jina la duka, mtaa wa Biashara. Tarehe 17 Novemba 2011. Shali sita, zimewekwa kando. Na chini yake, kwa mkono wa muuzaji: *zimechukuliwa saa kumi na nusu, Wahid*. Na sahihi ya Wahid, ile yenye mkia mrefu aliyoianza alipokuwa darasa la nane akijiona mkubwa.

"Ilikuwa chini yangu," akasema Mahfudha. "Nimelala juu yake miaka mitano."

Jumatano, 5 Oktoba

Khairunisa anaishikilia karatasi kama yai. Anasema hii haikutoka kinywani mwangu, na hakuna aliyejua kuwa ipo, kwa hiyo hii kweli inaweza kuitwa mpya. Lakini ni kuanza tena kutoka chini, Mahakama Kuu, ombi jingine, na wakikataa, tena Rufani. Mwaka, miwili, mitatu. Mwenye duka lile la mashali alihamia kwingine, anatafutwa. Karatasi peke yake haisemi kwa nini kijana ananunua mashali sita. Lazima mtu apande kizimbani aeleze, ahojiwe, watu wa mtaa wote wakiwa wamekaa nyuma.

"Utaweza, mjomba?"

Nilitaka kumwambia mimi nimewahi kusimama mbele ya simba. Nikasema nitajaribu.

Jumanne, 11 Oktoba

Arbab kanipa likizo bila mshahara. Inshallah nitakuta kazi nikirudi, na kama sikuikuta, basi.

Alhamisi, 13 Oktoba

Gerishom kanisindikiza mpaka uwanjani, na sare yake, kwa kuwa anaingia zamu. Nina mfuko mmoja: kanzu mbili, chaja, daftari hili. Pale kaunta binti aliniuliza mzigo uko wapi, nikamwambia ni huu. Akatazama mfuko, akatazama tiketi ya Mombasa, akauliza tena, una uhakika, bwana?

"Wakikuuliza umewaletea nini, utasema nini?" Gerishom akaniuliza tulipoagana.

Nilimpigia Mahfudha nimjulishe saa ya kufika, nikamwambia asisumbuke kuja, nitapanda teksi.

"Nitakuja," akasema. "Nitasimama mlangoni kabisa. Safari hii nataka nikuone ukitoka ndani."